Mshipa Si Jina la Ugonjwa

Yapo maneno katika lugha yetu yaliyoundwa ili kueleza, na yapo yaliyowekwa ili kusitiri. Neno mshipa, kama linavyotumiwa katika mwambao wa Kilifi na Malindi, limeingia katika kundi hili la pili. Mzee ambaye mfuko wake wa pumbu umejaa maji huambiwa ana mshipa. Mvulana aliyeamshwa usiku wa manane na uchungu wa ghafla kinenani, naye ni mshipa. Mchukuzi wa magunia ambaye utumbo umemteremka ana mshipa. Na kijana aliyeambukizwa kisonono hata korodani ikavimba, mbele ya wazazi wake huwa ana mshipa vilevile. Haya ni maradhi manne yasiyolingana kwa asili wala kwa dawa. Lakini kwa kuwa yamepewa jina moja, jamii huyatendea namna moja: mgonjwa hukandwa kwa mafuta, hupewa mizizi ya kuchemsha, kisha huambiwa asubiri.

Mimi si tabibu. Kazi yangu ni isimu, na mara nyingi sisi wanaisimu hulaumiwa kwamba tunashughulika na viambishi na fonimu ilhali watu wanaumia. Leo nataka kuonyesha kwamba jina la ugonjwa ni sehemu ya tiba yake, na kwamba yupo mvulana ambaye kukosa neno moja kunaweza kumgharimu kiungo cha mwili. Nawalenga hasa walimu na wanafunzi, kwa sababu lile lililo la haraka zaidi katika maradhi haya huwapata vijana wa umri wa shule.

Tuanze na lugha yenyewe. Neno mshipa lina maana kadhaa katika Kiswahili. Kuna mishipa ya damu, kuna mishipa ya fahamu, na wapo waitao mshipa hata ule ukano unaounganisha nyama na mfupa. Baada ya hizo ndipo inapokuja maana ya ugonjwa. Inaelekea maana hii ilizaliwa na uchunguzi wa watu wa kale, ambao haukuwa wa kipumbavu hata kidogo. Kila korodani imening'inizwa kwa ugwe unaopanda kinenani hadi ndani ya tumbo, na ndani ya ugwe huo mna mishipa ya damu, mishipa ya fahamu na mrija wa kupitishia mbegu za uzazi. Maumivu ya sehemu ile yakaitwa kwa jina la kilichodhaniwa kuwa chanzo chake. Tunayo pia maneno mengine. Ngiri, mbali na yule mnyama wa porini, ni ugonjwa wa utumbo kupenya mahali palipolegea na kuteremka. Busha, ambalo wengine huliita ngirimaji, ni maji yanayojaa katika mfuko wa pumbu. Matende ni uvimbe wa mguu, na mara nyingine wa mfuko huo huo wa pumbu, ambao ngozi yake hukakamaa. Kwa hiyo msamiati hatukukosa. Tulichokosa ni ujasiri wa kuutumia, basi neno mshipa likasukumwa mbele libebe mzigo wa yote.

Ili tuelewane, katika makala haya nitaita korodani zile kokwa mbili ambazo wazee huziita kende, na nitaita mfuko wa pumbu ile ngozi inayozihifadhi. Ninaomba msomaji asishtuke. Daktari hawezi kuyatibu asiyotajiwa.

Njia iliyo nyepesi ya kuyatenga maradhi haya ni kuyapima kwa muda. Yapo yanayohesabiwa kwa saa, yapo yanayohesabiwa kwa siku, na yapo yanayohesabiwa kwa miaka.

La saa ni kujisokota kwa korodani. Kwa baadhi ya wavulana, korodani haikushikizwa imara ndani ya mfuko wake, hivyo huweza kuzunguka kama ndoo inavyozunguka kwenye kamba ya kisima. Ugwe ukisokoteka damu haipiti, na kiungo kisichopata damu hufa. Jambo hili huweza kumpata mwanamume wa umri wowote, ila huwapata zaidi wavulana wa baina ya miaka 12 na 18. Halingoji pigo wala kazi nzito. Wengine huamshwa nalo usingizini. Dalili zake ni uchungu mkali wa ghafla, aghalabu wa upande mmoja, pamoja na kichefuchefu au kutapika, na huenda korodani ikaonekana imepanda juu kuliko kawaida yake. Dawa yake ni upasuaji. Daktari huusokotoa ugwe, kisha huzishikiza korodani zote mbili ili jambo hilo lisirudie. Upasuaji ukifanywa ndani ya saa 6 tangu uchungu uanze, korodani nyingi huokolewa. Zikipita saa 24, ni chache mno zinazopona.

Hebu sasa tufanye hesabu. Tuchukue mwanafunzi wa bweni katika shule iliyo upande wa Ganze au wa Marafa. Anaamshwa na uchungu saa nane za usiku. Anaona haya kumwamsha mwenzake, basi anajikunja chini ya blanketi hadi saa kumi na mbili za asubuhi. Saa 4 zimekwisha. Anamwendea mwalimu wa zamu, ambaye huenda ni mwanamke wa rika la mama yake, na kumwambia, "Mwalimu, naumwa na tumbo." Anapewa vidonge vya tumbo na ruhusa ya kulala. Kengele ya saa mbili inapolia, zile saa 6 zimetimia, na gari la kumpeleka hospitali ya Kilifi au ya Malindi halijaanza hata kutafutwa.

Yafaa tutambue kwamba mvulana huyu hakusema uongo. Korodani huumbwa ndani ya tumbo la kijusi, karibu na figo, kisha huteremka hadi mahali pake kabla ya mtoto kuzaliwa au muda mfupi baadaye. Mishipa ya fahamu nayo hubaki na njia yake ya zamani. Ndiyo maana pigo la korodani husikika tumboni, na ndiyo maana jiwe la figo huweza kumuuma mtu korodani. Mvulana ameumwa na tumbo kweli. Alichokificha ni nusu ya pili ya habari. Kwa hiyo kila mwalimu, muuguzi au mzazi anayeletewa mvulana mwenye maumivu ya ghafla ya tumbo na kutapika, anapaswa kumwita faraghani na kumuuliza swali moja: "Je, maumivu yamefika kwenye korodani?" Swali hilo halina gharama yoyote, na huweza kuokoa kiungo ambacho fedha hazikinunui.

Kundi la pili ni la siku. Nyuma ya kila korodani pana mrija mwembamba uliojikunjakunja ambao wataalamu huuita epididimisi. Humo ndimo mbegu za kiume zinamokomaa. Viini vya maradhi vikipanda kutoka katika njia ya mkojo hufika humo, na uvimbe hutambaa mpaka kwenye korodani yenyewe. Hapa maumivu hayaji kwa kishindo. Huongezeka polepole kwa siku moja au zaidi, yakifuatana na homa, mkojo unaochoma, au usaha. Kwa vijana waliokwisha kuanza kujamiiana, sababu za kawaida ni kisonono na klamidia. Kwa wanaume wa makamo na wazee, hasa wale ambao tezi dume imewazuia mkojo, sababu huwa ni bakteria wa kawaida wa njia ya mkojo. Yote haya yana dawa, mradi mkojo upimwe na dawa imalizwe. Lakini kisonono na klamidia humdai mgonjwa jambo moja zaidi, nalo ni kumtaja na kumleta mwenzake atibiwe. Klamidia kwa mwanamke aghalabu haina dalili, nayo huweza kuiharibu mirija yake ya uzazi kimyakimya. Kijana anayejificha nyuma ya neno mshipa hutibiwa nusu, na binti wa watu hatibiwi kabisa.

Katika kundi hili wamo pia virusi vya matumbwitumbwi. Kwa mtoto mdogo, ugonjwa huu ni mashavu kuvimba na siku chache za kukosa shule. Kwa mwanamume aliyekwisha kubaleghe mambo hubadilika: inakadiriwa kwamba asilimia 15 hadi 30 ya wanaougua katika umri huo huvimba korodani, kwa kawaida siku 4 hadi 8 baada ya mashavu kuanza kufura. Korodani iliyovimba huweza kusinyaa baadaye, ingawa ni nadra kwa mtu kuwa tasa kabisa kwa sababu hiyo. Chanjo ya matumbwitumbwi ipo, nayo huchanganywa na ile ya surua na rubela katika sindano moja. Hata hivyo, chanjo ambayo Kenya iliiingiza katika ratiba yake ya kawaida mwaka 2016 ilikuwa ya surua na rubela peke yake. Kifua kikuu nacho huweza kushuka kikatua katika epididimisi na kuleta uvimbe wa polepole usio na maumivu makali. Kichocho, kinachopatikana katika madimbwi na maji yaendayo taratibu wanamooga watoto wetu, hutaga mayai yake katika kibofu, na mara nyingine mayai hayo hufika katika viungo vya uzazi.

Kabla sijaliacha kundi hili niseme jambo moja la tahadhari. Hakuna mtu awezaye kutenganisha kwa macho korodani iliyojisokota na iliyoambukizwa. Hata madaktari hutumia vipimo, na wakiwa na shaka hupasua. Kwa hiyo mvulana mwenye uchungu wa ghafla na achukuliwe kuwa ni mgonjwa wa saa, mpaka daktari atakaposema ni wa siku.

Kundi la tatu ndilo lililoipa pwani yetu sifa isiyotamaniwa. Ni maradhi ya minyoo myembamba kama uzi ambayo kwa jina la kitaalamu huitwa Wuchereria bancrofti. Minyoo hii hukaa katika mishipa ya limfu, yaani ile inayorudisha majimaji ya mwili kwenye damu, na kwa wanaume hupenda zaidi mishipa ya limfu iliyo katika ugwe na katika mfuko wa pumbu. Huishi humo miaka 6 hadi 8, ikizaa vijidudu kwa mamilioni. Mgonjwa huweza kukaa miaka mingi bila ya kujijua. Wengine hupatwa mara kwa mara na homa pamoja na uchungu na uvimbe wa ugwe au korodani, ambao hupoa baada ya siku chache kisha ukarudi. Hatimaye maji hujaa, na busha likaanza kukua.

Anayeueneza ugonjwa huu ni mbu. Vijijini ni mbu wa jamii ya Anopheles, wale wale wanaoleta malaria. Mijini ni Culex, wanaozaliana katika vyoo vya shimo na mitaro ya maji machafu. Hili ndilo linaloeleza kwa nini huonekana kana kwamba mshipa hurithiwa. Baba, mwana na mjukuu walilala chini ya paa moja wakaumwa na mbu wale wale. Walichorithishana ni nyumba isiyo na chandarua.

Busha dogo halina maumivu makubwa, na hilo ndilo huwafanya watu walipuuze. Lakini likikua humnyang'anya mtu riziki. Mgema hawezi tena kuukumbatia mnazi kwa mapaja. Mvuvi hawezi kujirusha ndani ya mtumbwi, wala mchuuzi kuendesha baiskeli. Suruali humkataa, akabaki na kikoi. Vijana humpachika jina la utani, naye huanza kuziepuka harusi na matanga. Wapo walioacha kuoa, na wapo walioachwa na wake zao. Yote hayo kwa ugonjwa ambao upasuaji wake ni wa muda mfupi, na ambao mgonjwa aghalabu hurudi nyumbani siku ile ile au baada ya siku chache.

Kote katika mwambao wa Afrika Mashariki, tangu Malindi hadi Dar es Salaam, utawasikia watu wakisema kwamba busha huletwa na kunywa madafu. Msomi asicheke upesi. Mwaka 1877 daktari Patrick Manson, akiwa Amoy nchini China, aligundua kwamba vijidudu vya ugonjwa huu hukua ndani ya mbu. Ulikuwa ugunduzi mkubwa. Lakini Manson mwenyewe alidhani kwamba mbu hufa majini, na kwamba binadamu huupata ugonjwa kwa kunywa maji hayo. Ilichukua zaidi ya miaka 20, hadi mwaka 1900, kuthibitishwa kwamba vijidudu hutoka kwenye mdomo wa mbu na kuingia mwilini mbu anapouma. Ikiwa bingwa wa tiba alitafuta sababu katika maji ya kunywa, basi mkulima wa Magarini aliyeona kwamba busha na minazi hupatikana mahali pamoja hakuwa mjinga. Alikosa darubini tu. Palipo na minazi pana joto na unyevu, na palipo na joto na unyevu pana mbu. Dafu halina hatia.

Lipo jambo jingine lililozua uvumi. Vijidudu vya minyoo hii hujificha ndani ya mwili mchana na kutoka kwenye damu ya karibu na ngozi usiku, wakati mbu wanapouma. Kwa sababu hiyo, kwa miaka mingi wapimaji walilazimika kuzuru vijiji baina ya saa nne na saa nane za usiku kuchoma watu vidole. Katika pwani ambayo watoto wake wamelelewa kwa hadithi za mumiani, mgeni anayebisha hodi usiku akitaka damu si mtu wa kupokewa kwa chai. Vipo sasa vipimo vinavyoweza kufanywa mchana, lakini shaka iliyopandwa usiku haiondoki kwa siku moja.

Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa kuuangamiza ugonjwa huu mwaka 2000. Nchini Kenya, dawa kwa umma zilianza kutolewa Kilifi mwaka 2002, kisha Malindi na Kwale zikaongezwa mwaka 2003. Kila mkazi aliyestahili alipewa DEC na albendazoli kwa pamoja, mara moja kwa mwaka. Mwaka 2018 dawa ya tatu, ivamektini, iliongezwa katika kampeni ya Lamu na ya Jomvu, Mombasa. Kanuni ya mpango ni kwamba angalau asilimia 65 ya watu wote wameze dawa kila mwaka kwa miaka kadhaa mfululizo. Kwetu kulikuwa na miaka iliyorukwa, na kila mwaka unaorukwa huwapa minyoo nafasi ya kujaza upya vijidudu katika damu. Kwamba lengo linafikika si ndoto: Togo ilitambuliwa mwaka 2017 kuwa imeuondoa ugonjwa huu kama tatizo la umma, na Malawi ikafuata mwaka 2020.

Hapa ndipo suala la lugha linaporudi kwa nguvu. DEC inapoua minyoo iliyokomaa, baadhi ya wanaume husikia maumivu na vinundu katika mfuko wa pumbu kwa siku chache. Maumivu hayo ni ishara kwamba dawa inafanya kazi. Mtu aliyeelezwa mapema kwa maneno ya wazi huvumilia. Mtu aliyeambiwa tu kwamba hii ni dawa ya matende, naye hana matende, huona kwamba alikuwa mzima akaleteswa mshipa na serikali. Mwaka unaofuata hukimbilia shambani siku ya dawa, na majirani zake pamoja naye. Isitoshe, dawa hizi huzuia maambukizo lakini hazilikaushi busha lililokwisha kujaa. Asiyejua tofauti hiyo humeza vidonge, husubiri busha linywee, kisha hutangaza kwamba dawa ni za uongo.

Nimeiweka ngiri mwisho kwa makusudi, kwa sababu ni ugonjwa wa miaka unaoweza kugeuka kuwa wa saa. Mtu huweza kuishi na ngiri muda mrefu, akiisukuma kwa mkono ikarudi tumboni. Siku itakapokataa kurudi, ikawa ngumu na yenye uchungu, naye akaanza kutapika, utumbo umebanwa na unaweza kuoza. Huyo naye hana nafasi ya kungoja kupambazuke. Tena si kila hatari huuma: saratani ya korodani, ambayo kwa bahati ni nadra barani Afrika, aghalabu huanza kwa uvimbe mgumu usio na maumivu kwa mtu wa umri wa ujana.

Sasa nirudi kwenye taaluma yangu. Wanafunzi wa Kiswahili hufundishwa kwamba tasfida ni matumizi ya maneno ya adabu mahali pa maneno makali. Husemwa mtu amejifungua, amekwenda haja, ameaga dunia. Tasfida ni pambo la lugha yetu, nami siombi iondolewe. Lakini tasfida husimama juu ya sharti moja: msemaji na msikilizaji wote wawili wajue kilichositiriwa. Sharti hilo likivunjika, pazia hugeuka ukuta. Fikiria daktari kijana aliyezaliwa bara na kusomea udaktari kwa Kiingereza, akaletwa kufanya kazi pwani. Mzee anamwambia, "Mwanangu, nasumbuliwa na mshipa." Daktari anafahamu mshipa wa damu, anampima shinikizo la damu, anamwandikia dawa ya maumivu. Mzee anarudi kwao na busha lake, akiamini kwamba ameeleza na hospitali imeshindwa. Kila mmoja wao alikuwa na adabu, na hakuna aliyetibiwa.

Wapo watakaosema kwamba kuyataja mambo haya darasani ni kuvunja mila. Naomba tuitazame mila yenyewe. Katika jando, mvulana alielezwa mwili wake kwa majina yake, na ngariba hakuzungumza kwa mafumbo mbele ya kisu. Katika madrasa za Malindi, Mambrui na Takaungu, mwalimu wa fikihi hufundisha twahara, janaba na hedhi kwa istilahi zilizo wazi, na hakuna mwanafunzi anayethubutu kucheka, kwa kuwa wamezoezwa kwamba hakuna haya katika kutafuta elimu. Kwa hiyo mila yetu ilikuwa na mahali pa kusitiri na mahali pa kutaja. Tulichofanya katika shule za leo ni kubakiza sitara na kupafuta mahali pa kutaja. Maneno yakaachiwa ukuta wa choo, na kwa kuwa sasa huyaona ukutani tu, watoto huamini kwamba ni matusi.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Methali hii huelezwa darasani kama fumbo la mtu asiyetaka msaada. Katika jambo hili ni kweli tupu isiyohitaji fumbo: mwanamume anayeficha korodani inayouma anaweza kweli kuukosa uzazi.

Basi mwalimu afanye nini? Kwanza, mwalimu wa sayansi na mwalimu wa Kiswahili wakubaliane juu ya istilahi. Korodani, mfuko wa pumbu, ngiri, busha, matende, matumbwitumbwi: hayo ni maneno sita, na kipindi kimoja chatosha kuyafunza pamoja na tofauti zake. Pili, mwanafunzi afunzwe sentensi atakayoitumia. Ni jambo la ajabu kwamba tunamzoeza mtoto kuandika barua rasmi ya kuomba kazi, na hatumzoezi kumweleza muuguzi anapoumwa. Sentensi yenyewe ni nyepesi na haina utovu wa adabu: "Nina maumivu katika korodani ya kushoto. Yalianza ghafla saa nane za usiku, na nimetapika mara mbili." Hapo pana mahali, upande, wakati na dalili. Muuguzi akisikia hivyo, hawezi kutoa vidonge vya tumbo. Tatu, kila bweni liwe na kanuni inayojulikana kwamba mvulana mwenye uchungu huo huamsha mkubwa wa bweni saa hiyo hiyo, na mkubwa wa bweni humwamsha mwalimu, bila kicheko na bila kungoja asubuhi. Nne, siku ya dawa za matende inapotangazwa, mwalimu awaeleze wanafunzi kile ambacho huenda kikawapata baba zao baada ya kuzimeza, kwa sababu mtoto ndiye mjumbe anayerudi nyumbani kila jioni.

Nanyi wanafunzi, msidhani kwamba ukimya ni uanaume. Neno mshipa halitatoka katika vinywa vya wazee, wala halipaswi kutoka, kwani lina kazi yake katika mazungumzo ya heshima barazani. Bali likishasemwa, aulizwe msemaji papo hapo: mshipa upi, umeanza lini, na unauma wapi? Majibu ya maswali hayo matatu ndiyo anayoyahitaji daktari, na huko bwenini ndiyo yatakayoamua iwapo gari litatafutwa saa nane za usiku au saa nne za asubuhi.